Kuhifadhi programu za kompyuta binafsi: nitunze visakinishi, diski nzima, au vyote viwili?

Sanduku la Diski aliuliza:

Salaam ndugu wanajukwaa. Naomba ushauri wenu juu ya jambo nililoliahirisha kwa miaka mingi, na ambalo sasa limenifuata lenyewe. Faili zangu za kazi, yaani nyaraka, picha na hesabu, ninazitunza vizuri: zina nakala mbili katika diski za nje na hazijawahi kunisumbua. Kosa langu ni kwamba sikuwahi kuzihesabu programu zenyewe kuwa ni kitu cha kutunzwa. Niliamini kwamba programu ni kitu cha kupakua tu, na kwamba ikipotea unairudia pale pale ulipoitoa.

Mwezi uliopita diski ya kompyuta yangu, iliyokuwa na Windows 7, iliharibika. Nilinunua kompyuta nyingine, nikarudisha faili zote kutoka kwenye nakala rudufu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nina faili 412 za programu moja ya kupanga kurasa za vitabu, ambazo hakuna programu nyingine niliyo nayo inayoweza kuzifungua. Kisakinishi chake, yaani faili inayoiweka programu kwenye kompyuta, ninacho katika CD, na namba ya leseni imebandikwa kwenye kasha. Hata hivyo, programu ikishamaliza kusakinishwa inataka kuwasiliana na seva ya mtengenezaji ili leseni ithibitishwe, na seva hiyo ilikwisha kuzimwa. Namba ni halali, diski ni halali, mnunuzi ni mimi mwenyewe, ila hakuna wa kuitikia hodi.

Baada ya hapo nilishusha sanduku langu na kuhesabu: CD 57, flopi 14, na katika diski ya nje folda ya vipakuliwa ya GB 310 iliyojaa faili zinazoitwa setup.exe, setup(1).exe, na kuendelea hadi setup(23).exe. Nyingine siwezi kuzitambua bila kuzifungua.

Sasa nataka kupanga utaratibu wa kudumu. Je, inatosha kunakili folda ya programu iliyokwisha kusakinishwa, au ni lazima niwe na kisakinishi? Je, ni afadhali kutengeneza nakala ya diski nzima jinsi ilivyo kuliko kuhangaika na programu moja moja? Hizi CD na flopi zihamishwe vipi, na nakala zikae kwenye chombo gani? Na katika lundo lote hili, kipi nikitupe nisije kujuta?

Fundi wa Zamu alijibu:

Ndugu Sanduku, pole kwa yaliyokukuta. Nianze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo huchanganywa. Nakala rudufu ni ya kukurudisha ulipokuwa jana: diski imekufa asubuhi, jioni unataka kuendelea na kazi. Hifadhi ya muda mrefu ni ya kukuwezesha kuitumia programu ile ile miaka kumi baadaye, pengine katika kompyuta ambayo leo haijatengenezwa. Ya kwanza hubadilishwa kila wiki na matoleo yake ya zamani hufutwa. Ya pili haibadilishwi, ila hukaguliwa. Wewe ulikuwa na ya kwanza kwa faili zako, na hukuwa na ya pili kwa programu zako.

Kuhusu kunakili folda: katika Windows kwa kawaida hakutoshi, kwa sababu kisakinishi hakiweki vitu mahali pamoja. Kinaandika mipangilio katika rejista ya mfumo, yaani daftari la ndani la Windows, kinapeleka maktaba za pamoja katika folda nyingine, na mara nyingi kinaificha leseni mahali pa tatu. Ukirudisha folda peke yake, programu ama haiamki kabisa, ama inaamka na kulalamika kwamba faili fulani haipatikani. Zipo zilizoundwa ziishi ndani ya folda moja, na hizo unaweza kuzibeba hata kwenye flashi, lakini ni chache. Katika Mac programu nyingi ni kifurushi kimoja unachoweza kukiburuta, ingawa mipangilio na leseni hukaa kwingine, katika folda ya Library. Katika Linux programu nyingi hutoka katika hazina ya mfumo wenyewe, kwa hiyo tunza orodha ya vifurushi vyako pamoja na zile chache ulizozipata nje ya hazina.

Kipimo ninachokitumia mimi ni kimoja: nikipewa kompyuta tupu isiyo na intaneti, je, nilicho nacho kinatosha kuifikisha programu hii mahali inapofungua faili yangu? Kipimo hicho kitakuumbua mapema. Angalia, kwa mfano, ukubwa wa hizo setup.exe zako. Programu inayojaza MB 900 ikishasakinishwa haiwezi kutoka katika faili ya MB 2. Hiyo si mzigo, ni tarishi tu anayekwenda kuuleta mzigo kutoka kwenye seva, na seva ikizimwa tarishi hana pa kwenda. Watengenezaji wengi huwa na kisakinishi kamili kisichohitaji mtandao, ila hukiweka ukurasa wa ndani ambako ni lazima ukitafute. Kitafute leo, seva ikiwa bado hai.

Kila programu naipa folda yake yenye jina na toleo, na ndani naweka kisakinishi, masasisho, mwongozo, draiva (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa) kama kuna kifaa kinachohusika, na faili moja ya maandishi matupu. Ile ya skana yangu inasomeka hivi: "Inafanya kazi katika Windows 7 ya biti 32 na 64, Windows 10 inakataa. Sakinisha kwanza, ndipo uchomeke waya wa USB. Ukichomeka kabla, mfumo unachukua draiva isiyo yake. Namba ya leseni iko nyuma ya kitabu, picha yake imo humu. Ilijaribiwa mara ya mwisho Machi 2023." Hiyo sentensi ya waya wa USB ilinichukua siku nzima kuijua, na nisingeiandika ningeilipia tena.

Katika kuchambua, zigawe programu zako kwa jinsi leseni inavyothibitishwa. Zile zinazotosheka na namba unayoiandika mwenyewe ni salama kiasi. Zile zinazopiga simu nyumbani kila zinaposakinishwa ndizo za kuhangaikia kwanza, kwa sababu uhai wake hauko mikononi mwako. Vivinjari, programu za kuzuia virusi na visasisho vya zamani vya programu ambazo bado zinatolewa bure, tupa. Ila usitupe toleo la mwisho linalokubali mfumo endeshi wa zamani unaokusudia kuutunza, kwa maana hilo ndilo wanaloliondoa kwanza kwenye tovuti zao.

Msomaji wa Flopi alijibu:

Naunga mkono aliyotangulia kuyasema Fundi, nami nitazungumzia sanduku lenyewe, kwa sababu ndilo lenye haraka. Folda ya GB 310 itakuwepo hata mwakani. Flopi huenda zisisomeke.

Anza na flopi hizo 14. Kabla ya kuingiza yoyote, sogeza kile kitufe kidogo cha pembeni ili tundu libaki wazi, kwa maana hapo diski haiwezi kuandikwa. Windows ikishindwa kusoma flopi ina tabia ya kuuliza kama ungependa kuifomati. Jibu ni hapana, kila mara, hata ukiwa umechoka. Usinakili faili moja moja, bali tengeneza nakala ya diski nzima sekta kwa sekta. Flopi ya inchi 3.5 ya kawaida ina nyuso 2, njia 80 kila uso, na sekta 18 za baiti 512 katika kila njia, kwa hiyo faili utakayoipata ni lazima iwe na baiti 1,474,560 kamili. Ikipungua hata baiti moja, ujue usomaji ulikatika. Utaisikia pia: flopi nzima inasomwa kwa mdundo ulio sawa, na penye ubovu kiendeshi kinarudia pale pale, kikikwaruza kama kuku anayetafuta punje. Itoe, safisha kichwa cha kiendeshi, ijaribu katika kiendeshi kingine. Mara nyingi kinachoshindwa kusoma ni kiendeshi na wala si diski.

Kwa CD, watu wengi huogopa mikwaruzo ya upande usio na maandishi, kumbe upande wa hatari ni ule wa lebo. Data za CD ziko juu kabisa, chini tu ya rangi ya lebo, na plastiki yote yenye unene wa milimita 1.2 iko upande wa pili. Mkwaruzo wa chini mara nyingi unaweza kung'arishwa ukaisha, lakini ukiichubua lebo umeichubua data yenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo usibandue karatasi za kunata zilizobandikwa juu ya CD. Zisome jinsi zilivyo. Tenganisha pia CD zilizotoka kiwandani na zile ulizochoma mwenyewe. Za kuchoma hutunza data katika rangi inayofifia kwa mwanga na joto, kwa hiyo zipewe zamu ya kwanza.

Faili ya ISO, yaani nakala ya data za CD katika faili moja, inatosha kwa CD nyingi za programu. Inapopungukiwa ni pale CD ilipochanganya data na nyimbo, kama michezo na masomo mengi ya miaka ya 1990, kwa sababu ISO huchukua data peke yake na sauti zikaachwa. Hizo zitengenezee jozi ya faili za BIN na CUE, ambazo hubeba data pamoja na nyimbo. Jambo jingine ni CD zenye kinga dhidi ya kunakiliwa. Mojawapo ya kinga zilizoenea, SafeDisc, ilitegemea draiva iliyokuwa ndani ya Windows. Windows 10 haikuja nayo, na mwaka 2015 Microsoft iliizima hata katika matoleo yaliyotangulia kwa sababu za kiusalama. Maana yake ni kwamba CD inaweza kuwa nzima kabisa na programu ikakataa kuamka. Hiyo iandike kwenye lile faili la maandishi ili usije ukailaumu nakala yako.

Mkereketwa wa Mashine Pepe alijibu:

Ndugu zangu, kwa heshima zote, naona mmekipa kisakinishi uzito kuliko kinavyostahili. Kisakinishi kamili, leseni iliyoandikwa vizuri na ISO safi bado vinahitaji mfumo endeshi utakaovipokea, na hapo ndipo mipango mingi inapokwama. Chukua mfano mmoja tu: programu nyingi za miaka ya 1990 ni za biti 32, lakini kisakinishi chake ni cha biti 16, na Windows ya biti 64 haiendeshi kitu chochote cha biti 16. Programu ingefanya kazi. Mlango wake ndio haufunguki.

Kwa hiyo ninachokitunza mimi ni mashine pepe. Natengeneza kompyuta ndani ya kompyuta, kwa programu kama VirtualBox au QEMU, naisakinishia mfumo endeshi wa wakati ule, kisha programu, kisha naizima na kuihifadhi kama folda moja. Kwa programu za DOS, mfumo endeshi wa kabla ya Windows, programu iitwayo DOSBox inatosha wala huhitaji mashine nzima. Mashine za namna hii nazinyima mtandao kabisa. Windows XP iliacha kupewa marekebisho ya kiusalama tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo hazina biashara yoyote kwenye intaneti. Angalia tu leseni ya mfumo endeshi wenyewe: ile iliyokuja na kompyuta mara nyingi imefungwa kwenye kompyuta hiyo. Ama haki ya kutengeneza nakala ya akiba ya programu uliyoinunua, sheria za nchi nyingi zinaitambua; Marekani iko katika kifungu cha 117 cha sheria ya hakimiliki, na Umoja wa Ulaya katika agizo la 2009/24/EC. Wewe soma ya kwako.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Ndugu Sanduku, hiyo diski iliyoharibika umeitupa? Kama hujaitupa, usiitupe, na usiiwashe ovyo. Umesema iliharibika, hukusema imekufa. Kama kompyuta bado inaitambua, iunganishe na kompyuta iliyowashwa kwa Linux kutoka kwenye flashi, kisha tumia ddrescue. Programu hiyo husoma kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, ikaziacha zenye ubovu hadi mwisho, na inaandika faili ya ramani inayokuwezesha kuisimamisha na kuiendeleza kesho pale pale ilipoishia. Andaa diski nyingine kubwa kuliko hiyo ya kupokea nakala. Nakala ikikamilika, igeuze kuwa diski ya mashine pepe. Humo ndani programu yako tayari imesakinishwa na leseni yake imekwisha kuthibitishwa, kwa hiyo huenda hutahitaji kubisha hodi kwa mtu yeyote.

Tahadhari mbili. Ukipata skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B, tatizo si diski, ni kwamba Windows imeamkia kwenye kidhibiti cha diski isichokijua. Badilisha aina ya kidhibiti katika mipangilio ya mashine pepe, kutoka SATA kwenda IDE au kinyume chake. Pili, kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, hifadhi nakala ya faili hiyo pembeni, kwa kuwa programu inaweza kuona kwamba vifaa vimebadilika na kudai leseni upya.

Sanduku la Diski aliandika:

Nawashukuru sana. Diski sijaitupa, iko kwenye droo, na ilikuwa bado inatambulika ingawa ilichukua dakika kadhaa kuonekana. Nitaijaribu. Lakini swali langu la chombo halijajibiwa. Hizi ISO, mashine pepe na visakinishi vyote vikikusanywa, nadhani nitafika GB 200 baada ya kutupa visivyofaa. Je, niweke kwenye SSD, kwenye DVD, au kwenye hifadhi ya mtandaoni? Na nitajuaje, baada ya miaka mitano, kwamba faili bado ni ile ile?

Mkaguzi alijibu:

Nitajibu kwa ufupi, kwa sababu hapa hakuna fumbo. Kanuni inayojulikana ni ile ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala 3, katika aina 2 za vyombo, na 1 kati yake ikae mbali na nyingine. Kwa GB 200, diski mbili za kawaida za kuzunguka zinatosha, na ya tatu iwe hifadhi ya mtandaoni uliyoifunga kwa usimbaji fiche, ili isisomeke bila nenosiri lako, kabla ya kupakia. SSD, yaani diski zisizo na kitu kinachozunguka, na flashi sizipendi kwa kitu kitakachokaa kabatini, kwa kuwa hutunza data kama chaji ya umeme, na chombo kisichopata umeme kwa muda mrefu kinaweza kuipoteza. DVD moja ya kawaida ina GB 4.7, ukihesabu utazihitaji zaidi ya 40, nawe umetoka kulalamika juu ya CD 57.

Folda inayojisawazisha na mtandao usiihesabu kuwa nakala rudufu. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, au virusi vya kudai fidia vikiifunga, ubovu huo husawazishwa nao kwa uaminifu ule ule. Angalau diski moja iwe haijachomekwa popote isipokuwa siku ya ukaguzi. Usiifomati kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, maana haipokei faili inayofika GB 4, na diski za mashine pepe karibu zote zinapita hapo.

Kuhusu kujua kama faili ni ile ile, tengeneza hashi ya SHA-256 ya kila faili siku unapoihifadhi. Ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Biti moja ikibadilika ndani ya faili, mfuatano unakuwa mwingine kabisa. Katika Linux tumia sha256sum, katika Windows tumia Get-FileHash ndani ya PowerShell, halafu weka orodha hiyo pamoja na faili zenyewe na nakala yake mahali pengine. Mara moja kwa mwaka chomeka kila diski, endesha ukaguzi, na faili iliyoharibika katika diski moja iletwe kutoka katika diski nyingine. Kitu ambacho hashi haiwezi kukuambia ni kama ulichohifadhi kilikuwa sahihi tangu mwanzo. Tarishi wa MB 2 atakuwa na hashi nzuri miaka yote.

Sanduku la Diski aliandika:

Narudi na mrejesho baada ya wiki mbili, kwa kuwa najua mtu mwingine atafika hapa na tatizo kama langu.

ddrescue ilifanya kazi kwa saa 31. Nilipoiendesha mara ya pili, kwa faili ile ile ya ramani, ilibakiza chini ya MB 3 zisizosomeka. Mashine pepe iligoma mara ya kwanza kwa skrini ile ile ya buluu aliyoitaja Mkereketwa. Nikabadilisha kidhibiti kuwa IDE, Windows ikaamka na mezani pangu jinsi nilivyopaacha, hadi faili niliyokuwa nimeianza bila kuimaliza. Programu ya kurasa ilifunguka, lakini ikatambua kwamba vifaa vimebadilika na kunipa siku 10 za kuthibitisha leseni. Mtengenezaji nimemwandikia barua pepe kuomba toleo lisilohitaji seva, na bado sijajibiwa. Wakati nangoja, nimeamua kuzitumia siku hizo kutoa kila faili katika sura mbili: PDF kwa ajili ya mwonekano, na maandishi matupu kwa ajili ya kuhariri baadaye.

Katika zile setup 24, saba zilikuwa tarishi. Kwa tano nimepata kisakinishi kamili. Mbili tovuti zake hazipo tena, nami nimezifuta. Flopi 13 zimetoa baiti 1,474,560. Ya 14 inakwaruza mahali pamoja karibu na mwisho, katika viendeshi viwili tofauti, kwa hiyo Msomaji wa Flopi, kama una la kuongeza nitashukuru. Ni diski ya tatu kati ya tano za kamusi, na bila hiyo nyingine nne hazisakinishi chochote.

Leo ni siku ya sita, na nimefika faili ya 263.